Miche Niliyoitoa Juani Jumapili

Mnakuja jioni, vijana, wawili au watatu, na mnasimama pale kwenye ua kana kwamba mnangoja mvua ipite. Mwenda ndiye huanza, kwa sababu baba yake alikuwa rafiki yangu. "Muga, mzee," ananisalimu kwa Kimeru, halafu anaulizia ng'ombe wangu, bei ya ndizi hapa Kanyakine, na goti langu. Mimi nangoja. Mwishowe simu inatolewa mfukoni na ninaonyeshwa chumba cha nchi fulani ya mbali, taa za zambarau, na miche ya bangi imepangwa kama watoto wa nasari siku ya kupigwa picha.

"Mzee, tumesikia wewe ndio ulikuwa unaotesha hizi ndani ya nyumba, halafu unazitoa nje," Mwenda aliniambia juzi. "Hata kabla ya hizi taa. Si utuonyeshe tu?"

"Nani amewaambia?"

"Kila mtu anajua. Wewe ni jina kubwa, mzee. Acha kujificha."

Mlicheka mkaenda zenu. Mimi nilibaki nimeshika lango, uso ukiniwaka kama wa mtu aliyezabwa kofi mbele ya wakwe zake. Nimelea nyanya, kabeji, pasheni, matunda damu na kahawa tangu nikiwa na nywele zote kichwani. Ukishuka kutoka Kanja kuja huku, kuna vivuli unavyopumzikia ambavyo mimi niliviinua vikiwa vyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Kumbe jina langu limebebwa na mikebe michache tu ya bangi, na mnalitaja kwa sifa. Basi nimeona heri niandike, msome mkiwa peke yenu, ili mkirudi hapa kwenye ua mje mkitaka kitu kingine.

Kwanza niwape kazi yenyewe, maana haina hatia.

Mche unaooteshwa ndani ni mtoto aliyelelewa na bibi yake. Anashiba, hapigwi na upepo, na hajui kwamba dunia ina baridi. Akitolewa nje ghafula, jua linamchoma hadi anakuwa mweupe kama karatasi. Kwa hiyo unamtoa kidogo kidogo: asubuhi, jua likiwa bado pole, kisha unamrudisha. Kesho unamwacha zaidi. Unampunguzia maji ili atafute mwenyewe. Na kila ukipita unampapasa kwa kiganja, juu juu, kama unavyompapasa paka. Shina likisukumwa hivyo kila siku hunenepa, maana linadhani ni upepo. Ukimhamisha mche, mshike jani, usimshike shina. Jani moja likivunjika litaota lingine, lakini shina ni koo.

Hayo yote si yangu. Nilifundishwa na Mama Wawira, kule Kanja.

Nilifika kwake nikiwa kijana ambaye hakuwa ameweza kazi yoyote. Nilikuwa nimejaribu kuchuna majani chai nikaambiwa nina vidole vya kuchimba makaburi. Mama Wawira alikuwa mjane, mwenyekiti wa akina mama kanisani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Alikuwa na kitalu cha miche nyuma ya nyumba, na kwa sababu Kanja hukaa chini ya ukungu miezi ya baridi, mbegu zake hazikuanzia nje. Zilianzia ndani, katika chumba cha mbao kilichopakana na jiko. Ukutani alitoboa matundu ili joto la moto lipite, na upande wa mashariki aling'oa mbao akaweka nailoni nyeupe. Chumba kilinuka moshi, udongo mbichi na githeri, mahindi na maharagwe yakichemka.

"Wewe Mmeru," aliniambia siku ya kwanza, "nasikia nyinyi mna hasira. Mche haujui hasira. Ukikasirika, nenda nje upasue kuni, kisha urudi."

Nilipasua kuni nyingi sana mwaka ule. Nyanya zangu za kwanza niliziweka karibu mno na matundu ya jiko, nikidhani joto zaidi ni upendo zaidi. Zikarefuka, nyembamba, zikalala chali kama walevi. Mama Wawira alimwita jirani aje kuona. "Njoo uone tambi za Kinoti," alisema, nao wakacheka hadi wakashikana mabega. Kabeji zikaoza shingo kwa sababu nilizimwagilia kila nilipokumbuka kwamba nampenda msichana fulani wa kwaya, na nilikumbuka mara nyingi. Pasheni nilizipanda mbegu zikiwa na utelezi wake, zikaliwa na sisimizi. Kila trei niliyoigusa ilikufa. Yeye alikuwa akipita nyuma yangu, anachomoa maiti na kusia upya, bila neno. Lile la kutosema neno ndilo lililonichoma zaidi.

Alikuwa na kanuni moja ambayo hamtaisikia kwa hawa wanaouza miche ya trei za plastiki siku hizi. Mbegu huchanganyika, muuzaji anakupimia hoho na ndani kuna biringani. Kwa hiyo mche usioujua haung'olewi. Unahamishiwa kwenye mkebe wake, unalelewa pamoja na wengine, hadi ujitaje. "Usimfukuze mgeni kabla hajakuambia jina," alisema. Kwa kanuni hiyo aliwahi kupata mti wa matunda damu ambao haukuwa na mfano, na watu wakaja kutoka mbali kuomba mbegu zake.

Mwaka ule Wawira, bintiye aliyeolewa upande wa Mbeere, alijifungua mtoto wa pili wa kike. Mnajua desturi yetu: wa kwanza huitwa nyanyake mzaa baba, wa pili huitwa nyanyake mzaa mama. Mama Wawira jina lake lilikuwa Muthoni, na sasa Muthoni mdogo amefika. Alifunga nguo zake na kikapu cha njahi, zile mbegu nyeusi anazopikiwa mzazi, akaniita.

"Ninakwenda kumkanda mzazi. Chumba ni chako. Usiniletee kilio hapa nikirudi."

"Sitakuletea, Mama."

"Na majivu. Kabla ya kusia, changanya majivu."

Majivu huzuia kuoza shingo, na wadudu hawayapendi. Lakini majivu ya jiko yalikuwa yameisha; tulikuwa tumeyamwaga kwenye mahindi ya ghala. Mtu mwenye akili angewasha moto akangoja. Mimi nilichukua toroli nikaenda kambi ya chifu, kwa sababu nilikumbuka kuna shimo ambamo huchomwa vitu haramu vinavyokamatwa, na majivu yake yalikuwa mengi, laini, ya bure. Karani aliniuliza, "Unataka majivu ya nini?" Nikamwambia ni ya miche. Akasema, "Chukua hata shimo lenyewe." Nilichota kwa koleo, majivu pamoja na udongo wa ukingoni, nikarudi nikipiga mluzi.

Nyanya zilipochomoza, zilichomoza pamoja na wageni.

Mwanzoni sikuwajua, na nawaomba mniamini hapo. Mche wowote mchanga ni majani mawili ya duara na aibu. Nilifuata kanuni: nikawahamisha, kila mmoja kwenye mkebe wake wa mafuta ya kupikia. Na wakakua. Jamani, wakakua. Mashina yao yalikuwa imara kama waya, rangi yao kijani ya kina, hawakuinama wala kulia maji. Niliwapapasa kwa kiganja na wakanijibu kwa kunenepa. Asubuhi nilipofungua mlango nilitazama kwao kwanza, kabla ya nyanya za watu, kabla ya kazi niliyoajiriwa kuifanya. Mikono yangu ilikuwa imeua kila kitu, na sasa kilikuwepo kitu kilichoikubali.

Kisha majani yakaja yenye vidole vitatu, halafu vitano, yenye meno pembeni.

Nilijua. Nilikuwa nimeyaona hayo majani mikononi mwa vijana nyuma ya soko, kama mlivyoyaona nyinyi. Nilijua na nikajiambia kwamba sijui, kwa sababu kanuni ilisema mgeni asifukuzwe kabla hajataja jina, na mimi niliziba masikio asije akalitaja. Sikufikiria kuuza. Sikufikiria kuvuta. Nilitaka tu Mama Wawira arudi aone kwamba naweza. Nilimwona kichwani mwangu akicheka, akisema, "Hata hii umeiweza, Mmeru," halafu akiing'oa yote, na mimi nikiwa nimesifiwa.

Alirudi Jumamosi jioni, amechoka, miguu imevimba kwa safari. Hakuingia chumbani. Aliniuliza, "Wako hai?" Nikasema, "Wako hai." Akasema, "Basi Mungu yupo," akaenda kupiga pasi nguo za kanisani.

Sasa sikilizeni kosa langu lilivyokuwa. Miche haijui Jumapili. Nilikuwa nimeanza kuwazoeza jua, na siku ikirukwa, kazi inarudi nyuma. Jua la asubuhi lilipiga mahali pamoja tu: ule ukuta mfupi wa mawe mbele ya nyumba, unaotazama njia ya kanisani, ambayo siku za kazi haipiti mtu. Mtu anayeficha kitu angewaacha ndani. Lakini mimi nilikuwa nimejifunza vizuri mno. Niliwapanga juu ya ukuta, mkebe kwa mkebe, nikizungusha kila mmoja ili upande dhaifu upate mwanga, na nilikuwa nimeshika trei ya mwisho ya mikebe wakati akina mama walipopita na sare zao, vitambaa vyeupe kichwani, Mama Wawira, aliyetoka mapema kuwalaki, katikati yao akisimulia habari za mjukuu.

Aliyesimama kwanza alikuwa Mzee Ireri, mzee wa kanisa, ambaye alikuwa amestaafu kazi ya askari jela. Aliinama. Alivaa miwani. Alinusa.

"Mama Wawira," akasema, "hizi nyanya zako zina vidole."

Mmoja wa akina mama alicheka, kisha akaacha. Mama Wawira alisogea. Alitazama mikebe, akatazama mashina, na naapa kwamba kwa kitambo kidogo, kabla ya yote, niliona macho yake yakipima kazi. Aliona imefanywa vizuri. Kisha akanitazama mimi, na mimi nikatazama trei.

"Nauliza ni za nani," Mzee Ireri akasema. "Za kijana huyu?"

Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na ulimi. Hapo ndipo penye nafasi ya neno moja la silabi mbili, *zangu*, na sikulitoa.

"Chumba ni changu," Mama Wawira akasema. "Kilichotoka ndani yake ni changu."

"Sikiza vizuri ninachokuuliza, mama."

"Nimesikia, mzee. Na nimejibu. Tunachelewa ibada."

Mzee Ireri mwenyewe aliing'oa miche ile, akaitumbukiza chooni kwetu, mikebe na yote. Polisi hawakuitwa, wazee walisema kanisa halitaki kutajwa. Lakini kulikuwa na adhabu yake. Kwetu mtu akianguka huwekwa benchi la nyuma. Hasogelei meza ya Bwana, haongozi wimbo, hasimami mbele kwa jambo lolote, hadi wazee waridhike. Mwenyekiti wa akina mama, aliyekuwa akifua kitambaa cha ile meza kwa mikono yake, alienda akaketi na mlevi mmoja na msichana aliyepata mimba.

Jumatatu nilimfuata jikoni.

"Mama, nitaenda kwa wazee. Nitawaambia ni mimi."

Alikuwa akichagua maharagwe na hakuinua kichwa. "Utawaambia umeipata wapi?"

"Kwa majivu ya chifu."

Alicheka, mara ya kwanza tangu jana yake, akapangusa macho. "Nenda kawaambie chifu ndiye aliyekupa mbegu. Wewe ni mgeni hapa, Kinoti. Huna baba kwenye hiki kilima wala mjomba. Mimi watanipa benchi. Wewe watakupa pingu. Nipe lile chekecheo."

Nikampa. Na nilishukuru, na hiyo shukrani ndiyo ninayoionea haya kuliko kimya cha kwanza. Maana mtu anaweza kushtuka akakosa neno. Lakini mimi nilipewa muda. Wiki zilipita. Wateja walipungua, akina mama waliokuwa wakiagiza kabeji walipita na ndoo zao wakiangalia ng'ambo. Mzee Ireri alipoa, akaanza kunisalimia. Hatari ya pingu ilikwisha, kila mtu aliona imekwisha. Lingebaki tu jambo la kukemewa, labda kuketi benchi lile mimi mwenyewe. Lakini nilikuwa nimeingia kwaya, kwa ajili ya yule msichana niliyempenda, na kwaya kwetu huketi mbele ikiwatazama waumini. Niliimba sauti ya pili na watu walisema naimba vizuri. Kila Jumapili nilitazamana na benchi la nyuma, na kila Jumapili niliahidi Jumapili ijayo.

Kisha Wawira akaleta habari kwamba mtoto atabatizwa Kanja, pale alipobatizwa yeye.

Mnaelewa? Mtoto anayeitwa Muthoni huletwa mbele na Muthoni. Nyanya ndiye humbeba hadi kwenye maji, kwa sababu ni kama anajibeba mwenyewe. Mtu wa benchi la nyuma hawezi. Wawira alimlilia Mzee Ireri. Akajibiwa kwamba mama yake hajatubu. Anakubali miche ni yake lakini akiulizwa aliipata wapi, ananyamaza. "Aseme tu," Mzee Ireri alisema. "Sisi si watu wabaya. Aseme, au mwenye kujua aseme."

Mwenye kujua alikuwa amesimama pale pale, amebeba kreti ya soda za sherehe.

Nitawaambia mambo ya baadaye sasa, ili nisije nikayatumia kujitetea mwishoni. Walimrudisha mezani mwaka ulipoisha, kimya kimya, wala hakuna aliyemwomba radhi. Nilikaa kwake miaka mingi. Nilijifunza kubebesha pasheni juu ya shina jingine, nikajifunza kusia bila kuoza, nikawa yule ambaye watu wanamwita. Alipokufa, Wawira alinipa chumba kizima nichukue nilichotaka, na sikuchukua hata mkebe. Muthoni mdogo sasa ni mwalimu. Akikutana nami sokoni ananiita mjomba, na ananiuliza habari za nyanyake, alikuwa mtu wa namna gani, na mimi ninamsimulia juu ya tambi za Kinoti. Anacheka sana.

Basi siku ya ubatizo.

Kanisa lilijaa. Ukungu ulikuwa umeinuka na mwanga uliingia kwa madirisha ya upande wa mashariki, mwanga pole, ule ule niliosema miche hutolewa kuuzoea. Mtoto alibebwa na shangazi mmoja wa upande wa baba, mwanamke mwema asiyejua aweke wapi mikono. Wawira alitembea nyuma yake akitazama chini. Na kule nyuma kabisa, kati ya yule mlevi na yule msichana, Mama Wawira alikuwa amevaa sare yake ya akina mama ambayo hakuruhusiwa kuvaa, ameipiga pasi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aivue.

Mchungaji alichovya vidole ndani ya maji. Kwa kawaida ya kanisa letu, kabla hajamgusa mtoto, huuliza: "Kuna mwenye neno?" Huulizwa kila mara na hakuna anayejibu. Lakini siku ile alingoja. Nadhani aliwaangalia wazee, na wazee wakaangalia nyuma.

Nilipiga hatua moja kutoka mstari wa kwaya. Nawaapia, niliipiga. Kijana wa sauti ya tatu aliniminya mkono, akinong'ona, "Wapi sasa?" Nikautoa mkono wake. Nilifungua mdomo. Mchungaji akanigeukia. Shangazi akanigeukia. Neno lilikuwa limefika kwenye meno.

Na Mama Wawira akanitazama kutoka nyuma kabisa, akaona. Yeye aliyeweza kutambua mche unaotaka kufa kabla jani halijanyauka, aliona. Sijui kama aliniokoa au alikuwa hanitegemei tena. Alisimama, mtu aliyekatazwa kuongoza wimbo, na kwa ile sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto akaanzisha wimbo wa kumpokea mtoto.

Akina mama walitazamana, kila mmoja akingoja mwingine. Aliimba mstari wa kwanza peke yake, akaimba wa pili, akafika pale ambapo wengine wanapaswa kuitika, na hakuna aliyeitika. Macho yote yakarudi kwa kwaya. Kwaya ikiitika, wimbo ni wa kanisa. Kwaya ikinyamaza, ni makosa mengine ya mwanamke wa benchi la nyuma. Na mwitikio ule ulianza na sauti ya pili.

Ningeweza kusema neno langu hapo, juu ya kimya kile, na kila mtu angelisikia.

Nilirudi kwenye mstari nikaitika. Wenzangu wakanifuata, akina mama wakafuata, kanisa likainuka lote kwa miguu, na maji yakammwagikia mtoto. Tuliimba beti zote, na sikukosea hata noti moja.